Bustani ya Marehemu Baba

Ndugu wawili walikuwa wakilima bustani moja, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo. Kaka mtu, wakili, alianzia ukutani. Mdogo wake, fundi wa majokofu, alianzia upande wa jikoni. Salamu yao ilikuwa mlio wa majembe.

Mama yao alikaa barazani akisimamia, mguu mmoja juu ya stuli. Alikuwa amewaita kwa siri, kila mmoja peke yake, akilalamika kuwa miguu inamuua na vidonge havimsaidii. Alichotaka kabla hajafumba macho ni bustani ya mitishamba ya marehemu baba yao irudi kama zamani. Mshubiri, mchaichai, kivumbasi. Nyuki warudi, bwawa lichimbwe upya na vyura warudi. Ombi dogo tu la mjane.

Wanawe hawakuwa wamesemezana tangu mazishi. Mdogo alisikia kwamba kaka yake anamwita kupe wa ukoo. Kaka naye alisikia kwamba mdogo wake anamwita mwizi mwenye tai. Kila mmoja aliapa hakusema, na kila mmoja aliona mwenzake ni mwongo, maana ndugu hujuana. Toka hapo walishindana kwa wema: huyu akiezeka upya paa la mama, yule analeta tangi la maji. Uadui wa namna hiyo wazazi wengine wanauota tu.

Basi wakalima kwa hasira, na bustani ikapendeza. Magugu yaling'oka, kivumbasi kikanukia hadi barabarani, ndege wakaja kufyonza maua ya mshubiri. Kinyonga mmoja alihamia bila kuomba ruhusa.

Kisha jembe la kaka likapiga gogo lenye nyuki. Walikuwa wamerudi kama mama alivyotaka, na hawakujali kwamba huyu ni wakili. Mdogo alimtupia koti kichwani, akamkokota hadi bafuni, wakajifungia. Humo walichomoana miiba, nyuso zikiwa zimevimba kama maandazi.

"Sikuwahi kukuita kupe," kaka akasema.

Mdogo akamchomoa mwiba wa sikioni. "Na mimi sikukuita mwizi. Tai yako tu ndiyo siipendi."

Wakacheka hadi machozi. Mdogo alifungua mdomo kuuliza basi ni nani aliyeyasema hayo, lakini mama alikuwa ameshagonga mlango, kaleta mshubiri wa kuwapaka.

Tangu siku hiyo walifanya kazi bega kwa bega; yaani walikaa kivulini, wakanywa chai, wakakumbushana utoto. Bwawa la vyura lilibaki shimo la kina cha sufuria. Majirani walimsifu mama kwa kuwapatanisha wanawe kwa majani matupu, naye akapokea sifa kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumapili moja, wote walipokwisha kuondoka, mama alishuka barazani bila kushika ukuta, akatembea haraka hadi kwenye lile shimo, akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akampigia simu mdogo, sauti tayari imejaa kilio.

"Mwanangu, unanijua, mimi si mtu wa kupeleka maneno," alisema, huku akipima kwa mguu pale bwawa litakapofika. "Lakini ulivyoondoka tu, kaka yako akaniambia..."