Sauti ya Baba Saumu

Kila Jumamosi Mwanakombo huwasuta majaji wa shindano la kuimba runingani: "Hawa hata kuamua vigelegele kungewashinda!" Kura yake, hata hivyo, hampi mwingine ila bingwa. Sheria ni kwamba anayeshindwa humwachia bingwa sauti yake, na Shebe, mumewe, alishindwa na bingwa huyohuyo mwaka juzi. Zamani Shebe alikuwa akimsomea mkewe riwaya jikoni, mke akikuna nazi.

Leo Shebe aliketi kando yake, akafungua riwaya pale walipoishia, akaanza kusoma kwa midomo isiyotoa hata mnong'ono. Runingani, bingwa akaanza kuimba kwa sauti ileile ya jikoni. Mwanakombo akafumba macho.

"Nisomee, Baba Saumu," alisema.

Uso alikuwa ameuelekeza kwenye runinga. Shebe akafunga kitabu polepole, asije akamsumbua.