Shahidi wa Maumivu

Sheria inataka mgonjwa aje na ndugu wa kuonja maumivu yake, ndipo afanyiwe upasuaji. Shahidi asipokiri kuumia, faili hufungwa mwaka mzima.

Nakunda alikuja na mama yake. Picha ilishaonyesha uvimbe kwenye nyonga, mkubwa kama chungwa, lakini picha si ushahidi. Dokta Mshana aliwafunga wote wawili tumboni mikanda ya mashine inayompitishia shahidi maumivu ya mgonjwa.

Nakunda alijikunja kitandani, akaing'ata kanga. Mama alikaa wima, mkoba mapajani.

"Unasikiaje, mama?" dokta aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Mama, sema kweli," Nakunda alinong'ona.

"Nimdanganye daktari, mwanangu? Nasikia tumbo langu la siku zote tu, hili nililo nalo tangu nilipomzaa kaka yako. Kila mwanamke analo. Haya dokta, washa hiyo mashine tuondoke."

Dokta aliitazama taa ya kijani kwenye mkanda wa mama. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Imewaka tangu ulipokaa, mama."

Nyuma ya dokta mashine ilikuwa imeshaandika kwenye faili la Nakunda: shahidi hakuumia.