Gari la Mji Jirani

King'ora kilisikika kwanza, ndipo gari la zimamoto la mji jirani likachomoza penye moshi wa nyumba iliyokuwa ikiungua.

"Mama yumo ndani!" alilia Mwinjuma, mwenye nyumba ya kamari.

Wazimamoto wakavunja dirisha, wakamtoa bibi kizee akikohoa na kufoka, "Taratibu basi, mimi si gunia!"

Watu wakacheka huku wakilia. Mwinjuma akasoma maandishi mlangoni mwa gari: *Limenunuliwa kwa kodi ya kamari.* Akachomoa mfukoni karatasi ya saini alizokusanya kupinga muswada wa kodi kama hiyo mjini kwao, kusiko na gari la zimamoto hata moja, akampepea nayo mama yake.

"Ahsanteni sana, ndugu zangu," akawaambia wazimamoto. "Na wewe mama, kesho nitasimama mbele ya baraza niutetee muswada ule, hata wenzangu wakinizomea."