Uji wa Saa Nne

Siku ya wananchi kutoa maoni kuhusu muswada wa elimu, Bi Tunu aliingia ukumbini na sufuria kichwani. Muswada ulitaka kufuta uji wa saa nne katika shule za serikali, na wajukuu zake hawakuwa na kingine cha kutia tumboni hadi jioni.

“Mama, umetuletea rushwa?” mwenyekiti wa kamati alimtania.

“Rushwa ya uji wa wimbi, mheshimiwa. Ukiitia mfukoni utajichafua bure.”

Ukumbi mzima ulicheka. Bi Tunu hakujua kuhutubia, kwa hiyo alishika upawa akamjazia kila mjumbe kikombe.

“Onjeni hicho mnachotaka kukifuta,” alisema. “Halafu mniambie nikawaeleze nini watoto.”

Wakaonja. Mjumbe mmoja mnene alifumba macho, akasema hajanywa uji kama huu tangu amzike mama yake. Waliongezwa, wakapuliza, wakatulia kama darasa la kwanza. Bi Tunu akaanza kutabasamu.

“Ahsante sana, mama,” mwenyekiti alisema. “Haya, wanaounga mkono muswada?”

Mikono yote ikainuka. Waliokuwa na kikombe mkono wa kulia walikihamishia kwanza kushoto, taratibu, wasije wakamwaga.

“Umepita. Mama, hapo chini hapajabaki kidogo?”

Mwenyekiti alinyoosha kikombe. Bi Tunu alisimama mbele yake na upawa umejaa, uji ukidondoka tone kwa tone kwenye zulia.