Posho ya Kutafsiri

Jaji alipomaliza kusoma hukumu, Ofelia, karani wa mahakama katika mji mdogo wa Texas, alimgeukia mwanamke aliyeketi kando yake. Akamwambia kwa Kihispania kwamba amenyang'anywa watoto wake wote wawili, milele.

Mwanamke hakulia. Alimkamata Ofelia mkono, kucha zikazama kwenye ngozi.

"Dada, wewe si wa kwetu? Ina maana wanakulipa uniambie maneno haya?"

Miaka yote Ofelia alikuwa akitafsiri bure huku akiipigania posho yake. Mwezi huu ndio wakuu wa mahakama walikuwa wamekubali kumlipa.

"Amesema nini?" jaji akauliza.

Ofelia alikuwa ameapa kutafsiri kila neno. Kucha hazikulegea.

"Mheshimiwa, anauliza kama ninalipwa."

"Basi mjibu," jaji akasema, akifunga faili.