Nguzo ya Mto

"Maji yamefika kwenye alama nyekundu?" ofisa aliuliza kwenye simu.

Mpima maji aliikodolea macho nguzo ya kupimia kina cha mto. Mto ulikuwa unanguruma, umebeba hata milango ya nyumba za watu, lakini alama nyekundu ilikuwa bado kavu, nusu mita juu ya maji.

"Yamefika, mkubwa. Piga king'ora watu wa bondeni wahame."

"Tuma picha. Bila picha king'ora hakilii, ndiyo kanuni."

Akaitazama tena nguzo. Mwaka jana, wakati wa ukame, serikali ilipeleka magari ya maji ya msaada pale tu ambapo mto umeshuka chini ya kipimo. Wao mto wao uligoma kushuka hadi hapo. Basi kamati nzima ya maji, naye akiwemo, wakaing'oa nguzo na kuisimika upya, nusu mita juu zaidi. Magari yakaja. Walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Bondeni alikuwepo mama yake, na yale magoti yake mabovu.

"Mkubwa, nguzo inadanganya. Tuliipandisha sisi wenyewe."

"Mliapa haijaguswa, mkatia na sahihi. Nitumie picha."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaingia majini hadi kiunoni, anaitwanga nguzo kwa nyundo ishuke. Haikutikisika hata kidogo.

"Isukume!" mpima maji alipiga kelele.

Mwenyekiti akageuka, machozi yanamtoka.

"Ndugu yangu, si wewe uliyesema tuimwagie zege?"