Mtandao wa Ukingoni

Saa tisa na dakika kumi alasiri, video ya Machano ilifunguka kwenye kompyuta ya Raya, mshauri wa mabaharia. Nyuma ya bega la baharia huyo yalionekana maji matupu.

"Umesimama wapi, kaka?"

"Nyuma ya meli, ukingoni kabisa. Mtandao haushiki kwingine."

"Umelala?"

"Siku ya nne leo, sijalala. Maji yameanza kuonekana kama kitanda, dada. Usinicheke."

Raya hakucheka. Mwongozo wa ofisi ulikataza kumkatia simu mtu wa namna hii, lakini kila dakika ya mazungumzo ilimweka Machano palepale ukingoni.

"Mpishi wenu yuko wapi?"

"Jikoni, anakaanga vitunguu. Yule domo lake halifungi."

"Nenda kwake sasa hivi. Mwambie ulivyoniambia, kisha mwende nyote kwa nahodha, mnipigie kwa simu ya meli."

"Nikiondoka hapa utapotea."

"Najua," alisema Raya. "Nenda."

Picha iliyumba. Chuma cha ukingo kilipita, ikaja sakafu iliyolowa, kisha picha ikaganda kwenye kiatu kimoja kilichoinuliwa, na Raya hakuweza kutambua kilikuwa kikielekea upande gani.